Miaka Ishirini na Saba Mlangoni pa Stareheni

Jumamosi, tarehe 31 Desemba 1955, Mzee Mwinyimvua Bwanausi anastaafu ubawabu wa kilabu cha tembo cha Stareheni, hapa Bagamoyo, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Wasifu huu nimepewa niuandike mimi, Majaliwa, karani wa mlango uleule, kwa kuwa nimekaa naye bega kwa bega tangu mwaka 1936. Kamati imeniagiza niandike ya kufurahisha. Haya, nitajaribu.

Alitoka Makurunge, akafanya uhamali forodhani, kisha mwaka 1928 akachukuliwa hapa kwa ajili ya yale mabega. Tembo hajalionja hata tone. Wenye ndimi zao walimwita bawabu wa jahanamu, naye akawajibu kwamba hata huko lazima pawe na mtu wa mlangoni, wasije wakaingia wasiohusika. Ikifika alasiri alitoka nje, akatawadha, akasali kwenye kivuli cha ukuta, na walevi wenyewe walinyamazishana mpaka amalize. Kumtoa mlevi alikuwa na namna yake. Hakumsukuma mtu, alimshika mkono akamuulizia hali ya mama yake, ya shangazi, ya wajomba mmoja mmoja, huku wakitembea, na mlevi alipokuja kushtuka alikuwa barabarani.

Sheria ya Stareheni ni kwamba silaha haiingii. Vibarua wa katani waliacha marungu yao, wagema wakaacha kotama, vile visu vilivyopinda vya kugemea minazi. Mzee alivitundika misumarini bila alama wala karatasi, na mtu akitoka alipewa chake. Kwa miaka kumi na mitatu hakukosea.

Mwaka 1941 alikosea. Naliandika hili kwa sababu yeye mwenyewe amekataa wasifu huu usomwe bila hilo. Alasiri moja kibarua mmoja, Mnyamwezi, alitoka ndani akaonyesha kotama ya mgema wa Kizaramo, akasema cha mtani wake ni chake, leo anakwenda nacho na mwenyewe abaki akilia. Mlangoni pote tukacheka. Wazaramo na Wanyamwezi wamechukuliana kuku, kofia na mikeka tangu enzi za misafara, na anayenuna ndiye asiye na adabu. Nani angemkatalia mtani? Mzee aliitungua akampa, naye akicheka. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Kibarua yule hakwenda kwake. Alizunguka nyuma ya kilabu, alikokuwa amekaa Rajabu, fundi cherehani, ambaye waligombana asubuhi ile kwa ajili ya kanzu iliyokatwa fupi. Kanzu, jamani! Tulipofika Rajabu alikuwa amekwisha kata roho. Alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Mwanamkasi, muuza vitumbua wa mtaa wa pili. Muuaji alihukumiwa, na hakimu akasema bawabu hana kosa. Mzee hakukubaliana na hakimu.

Tangu siku ile mlangoni kwake hapakufanywa utani, hata wa maneno matupu. Na kila Ijumaa alipotoka msikitini alikwenda kusimama barazani kwa Bi Mwanamkasi, akatoa salamu, akaomba radhi. Bibi aliitikia salamu, kwa kuwa kuitikia ni faradhi, kisha akafunga mlango. Kila mwaka Mzee alimwezekea paa kwa makuti mapya. Bibi alimwacha aezeke, wala hakumpa hata maji ya kunywa. Miaka kumi na minne! Niseme kweli, nilimwona mama yule ana roho ngumu, na zaidi ya mara moja nilimshauri Mzee aache kujidhalilisha. Aliniambia anaogopa kitu kimoja tu duniani, nacho ni kufa bila radhi ya mama yule.

Sasa macho yamemchoka, na anahamia Mkange kwa binti yake, Ashura. Ijumaa iliyopita alikwenda kuaga, mimi nikimshika mkono. Alitoa salamu, akaomba kama kawaida yake, akasema hii ndiyo mara ya mwisho. Bi Mwanamkasi hakufunga mlango.

"Radhi nilikupa tangu mwaka ule wa kwanza, Bwana Mwinyimvua," alimwambia. "Nilinyamaza kwa sababu ungeisikia usingekuja tena, na hakuna mwingine anayekuja hapa kwa ajili ya mwanangu."

Mzee alilia palepale barazani, na mimi nikalia.

Mzee wetu, wafanyakazi wote wa Stareheni tunakushukuru kwa waliorudi kwao salama kwa mkono wako, nao ni wengi kuliko unavyojihesabia. Mungu akupe nafuu ya macho, wajukuu wa kukuzunguka, na usingizi mzuri huko Mkange. Lori lako linaondoka Jumatatu. Ijumaa, kwa Bi Mwanamkasi, nitakwenda mimi. Nami nina radhi yangu ya kuomba, na mpaka leo sijaiomba.