Mama Vina na Mikono Mia Tatu ya Kushoto

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye meza ya kukatia, mkata kitambaa mkuu wa kiwanda chetu cha sare anastaafu Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu. Barua ya ofisi imemwita "rasilimali watu". Sisi wa karakana tunamwita Mama Vina, na tunaomba ofisi isitusahihishe.

Alianza kwa kukata nyuzi. Mwaka wa tatu alikabidhiwa mkasi mkubwa, na siku hiyohiyo akabandika ukutani picha aliyoitoa kwenye gazeti kuukuu: mwimbaji wa bendi wa enzi za mama zetu, kavaa bugaluu, suruali iliyopanuka miguuni, na kola pana iliyomlala mabegani kana kwamba alizaliwa nayo. Kutokana na kola hiyo Mama Vina alichora kola ya koti jeupe la daktari, ambalo hospitali zimetuagiza kwa miaka kumi na tisa. Nyimbo za bendi ile zikampa mwendo wa mkasi. Maneno akatunga mwenyewe.

Tena si maneno ya kujipumbaza. Kitambaa chetu kina uso na mgongo, kwa hiyo karatasi ya kipimo ikishatoa mkono wa kushoto, lazima ipinduliwe ndipo itoe wa kulia. Mama Vina aliwafundisha wakataji wake sita mshororo mmoja: "Mkono umeshakwenda, wa pili ungali nyuma." Nusu ya kwanza, kata kushoto. Nusu ya pili, pindua, kata kulia. Mizani nane kwa nane, na hakuna koti lililowahi kutoka na mikono ya upande mmoja.

Kisha tukaletewa Mshauri wa Ubunifu. Alikuja na suruali iliyombana hadi akawa anaketi kwa awamu, na ubao wa vikaratasi vya rangi, akatutangazia kwamba msukumo wa kubuni hupatikana ubaoni hapo, kila Jumatatu, saa mbili hadi saa mbili na nusu. Alipoiona picha aliuliza, "Huyu bibi ni nani?" Mama Vina akamjibu, "Aliyekutangulia kwenye cheo, mwanangu."

Picha ikashushwa. Kuimba kukapigwa marufuku, eti kunapunguza umakini. Mama Vina alikula barua mbili za onyo kwa kusahau na kuimba. Ya tatu ingemfukuza kazi miezi minne kabla ya kustaafu. Akanyamaza. Mpiga pasi alidhani kafiwa, akampa pole.

Kwa kuwa kunyamaza hakukutosha, alipelekwa siku tatu kwenye semina ya kutafuta msukumo. Wakataji wakabaki wanakata kimya, kwa umakini wa hali ya juu. Siku ya tatu washonaji walipokea vipande vya makoti mia moja na hamsini: mikono mia tatu, yote ya kushoto. Meneja alijaribu koti la kwanza, mkono mmoja ukampinda kuelekea mgongoni kama anayejikuna. Akafoka, "Nani kapindua karatasi?" Mkataji mmoja akasema, "Hakuna aliyepindua, bosi. Hapo ndipo penye shida."

Mama Vina akarudishwa mbio kutoka semina. Akashika mkasi, akaimba, sita wakaitikia, na kufikia alasiri mikono ya kulia ilikuwa mezani. Barua ya tatu haikuandikwa. Mshauri naye si mtu wa kukosa haya kidogokidogo: ubao wake sasa unatangaza "Mbinu ya Mdundo", jina lake chini. Picha imewekwa fremu mapokezi, wageni wanaambiwa ndiyo sura ya kiwanda.

Wiki iliyopita ofisi ilimtaka Mama Vina auache mshororo wake kwa maandishi, uwe mali ya kiwanda. Akauandika kwa mwandiko wa kupendeza, akatia sahihi. Mshauri ameusifu kwa ufupi wake. Hajui kwamba faili lina nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili imebaki karakana, kwenye vinywa sita.

Asante, Mama. Ile picha ya mapokezi sasa ni nakala, na hakuna aliyegundua. Picha yako halisi imo mkobani mwako, chini ya mkasi. Nenda ukaimbe kwa sauti. Tunakutakia maisha mema, kushoto na kulia.