Wakil Mcha Ubwa na Kitako cha Bunduki ya Wasasi

Marehemu Wakil Mcha Ubwa alizaliwa Jambiani, mtaa wa Kibigija, tarehe 14 Machi 1961. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mcha Ubwa na Bi Mwatima Khatib. Baada ya miaka kumi na miwili akazaliwa mdogo wake, Usi, ambaye ndiye anayesoma karatasi hii. Mama yao hakujaaliwa mwengine.

Wasifu husomwa ili watu wamjue marehemu. Huyu, Jambiani ilikwisha kujipa hakika kuwa inamjua. Kwa miaka kumi na minne aliitwa fundi aliyeunga bunduki ovyo ikamtoa mtu jicho, kisha akasema uongo ili ajiokoe. Neno hilo si kweli, na halifai kufukiwa pamoja naye. Karatasi hii itafika huko. Kwanza maisha yake.

Alisoma skuli ya Jambiani kuanzia mwaka 1968 mpaka 1975. Hesabu zilimkubali, lakini mwalimu alilalamika kwamba kila dawati alilokalia lilikuwa na nakshi. Mwaka 1976 baba yake alimpeleka mjini, Ng'ambo, kwa Fundi Jecha Ameir, akajifunze useremala. Fundi Jecha alikuwa akichukua kazi za kutengeneza milango ya zamani Mji Mkongwe. Hadithi hii Fundi Jecha aliipenda sana kuisimulia: siku za mwanzo Wakil akipita mbele ya mlango mkubwa wenye nakshi alikuwa akiugusa na kuuambia kwa sauti ndogo, "Shikamoo." Siku moja Fundi Jecha, aliyekuwa nyuma yake na sanduku la patasi, akaitikia kwa sauti nzito, "Marahaba, mjukuu wangu." Wakil alitoka mbio mpaka Darajani. Mafundi wenzake walimtania kwa hilo mpaka alipoota mvi.

Mwaka 1987 alifungua karakana yake mwenyewe, kule kule Ng'ambo. Tarehe 6 Februari 1988 alimuoa Bi Salhiya Faki, wakahamia Mpendae, na Mungu akawajaalia watoto wawili, Tahiya na Nassra. Bi Salhiya anasema mumewe alikuwa mtu wa maneno machache nyumbani, ila mbao alizungumza nazo. Alizigonga kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Ubao aliousikia una ufa ndani hakuutumia hata mteja akimbembeleza.

Tunafika mwaka 2011. Wasasi wa Jambiani walikuwa na bunduki moja ya kijeshi, ya zamani sana, waliyoitumia kwa kibali kuwafukuza nguruwe na kima makondeni. Ilianguka juu ya mawe, kitako chake cha mbao kikapasuka shingoni, pale mtu anaposhika kwa kiganja. Usi alikuwa mmoja wa wasasi na ndiye aliyekuwa akiitunza. Akampelekea kaka yake, na kibali mkononi.

Marehemu aliigonga, akasikiliza, akatikisa kichwa. Kwa kuwa aliyemletea ni nduguye, akaipokea. Kitako kile kilikuwa kimekunywa mafuta ya bunduki kwa miaka mingi, na gundi haishiki mbao yenye mafuta. Kwa hiyo alikivua, akakipaka chokaa iliyokorogwa, akakiweka juani. Chokaa ikifyonza mafuta na kugeuka rangi aliikwangua, akapaka nyengine. Hivyo siku tisa. Kisha akatia gundi ndani ya ufa, akatoboa matundu mawili, akapigilia vijiti viwili vya mpingo, akakifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka kikashikana. Kazi ilipokwisha kitako kilikuwa kimepauka, kimekuwa cheupe kama mfupa, lakini ufa ilibidi uutafute.

Siku ya kuikabidhi alimwambia mdogo wake, "Wiki mbili isipigwe. Na usipake kitu. Gundi haijakomaa bado."

"Imekuwa mbaya hivi, kaka. Watanicheka."

"Wakucheke. Nitakuja mwenyewe kuipaka rangi."

Usi aliirudisha Jambiani. Wenzake walipoiona wakamuuliza kama kaka yake ameiunga au ameichemsha. Usi aliona haya. Sisi watu wa pwani, mbao ikipauka dawa yake tunaijua: mafuta ya papa, kama tunavyopaka ngalawa. Siku ya tatu Usi aliipaka. Akarudia kesho yake, akakijaza kitako mpaka kikang'aa. Mafuta yakapita ufani, yakaikuta gundi bado changa.

Tarehe 16 Julai 2011, wiki mbili zilizosemwa zikiwa ndiyo kwanza zimepita na fundi hajaja bado, Bwana Nahodha Pandu, msasi mwenzake Usi, aliiweka begani akapiga nguruwe. Kitako kikavunjika pale pale shingoni, chuma kikamrudi usoni. Jicho la kulia halikuokolewa.

Kikao kiliwekwa barazani kwa wazee. Marehemu aliitwa kutoka mjini. Alikichukua kipande cha kitako, akakinusa, akakiweka chini.

"Kazi yako hii, fundi," akaambiwa.

"Kazi yangu hainuki papa. Kimepakwa mafuta."

Mmoja akacheka. "Jambiani nzima inanuka papa. Wewe ushakaa mjini sana, pua imekuwa ya kizungu."

Wakacheka wote. Marehemu akauliza bunduki ilikaa kwa nani. Usi akasema ilikaa kwake. Akaulizwa mbele ya watu kama alipaka chochote.

"Sikupaka kitu," Usi akasema.

 Marehemu akavaa viatu vyake, akaondoka.

Usi alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minane. Hakulazimishwa na mtu. Aliogopa macho ya watu, na woga huo kaka yake ndiye aliyeulipia. Wakati ule marehemu alikuwa akichonga mlango wa msikiti wa mtaani kwao, Kibigija, amebakisha ubao wa juu tu. Wiki ya pili akaletewa ujumbe kwamba wamepata fundi mwengine. Mlango ule ulisimama karakanani miaka mitatu, mwisho ukanunuliwa na hoteli, wakaufanya meza. Watu wa kusini huku wakaacha kumpelekea kazi, na wa mjini nao wakasikia. Alimalizia umri wake akitengeneza miguu ya vitanda na viti. Jambiani hakuja tena ila kumzika mama yake, mwaka 2016, na siku hiyo baadhi ya watu hawakumpa mkono. Usi aliona, akanyamaza.

Maradhi ya kifua yalimuanza mwaka jana. Tarehe 21 Septemba mwaka huu Usi alikwenda Mpendae, akafunga mlango wa chumba, akamwambia kaka yake aliyoyafanya.

Marehemu alisema, "Unanambia mimi? Mimi nliinusa siku ile ile."

"Nisamehe, kaka."

"Mimi ulinikana mbele ya watu, unakuja kunitaka radhi umefunga mlango. Nenda kawaambie wao. Halafu uje, tutazungumza."

Usi aliahidi kusema msikitini siku ya Ijumaa. Ijumaa ilipofika, sala ikamalizika, watu wakainuka, naye akainuka. Ijumaa ya pili ikawa vile vile. Bi Salhiya anasema mgonjwa alikuwa akiuliza kila jioni, "Usi kaja?" Alikuja tu alipopigiwa simu, Alkhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, baada ya laasiri, akamkuta keshafunikwa shuka. Radhi ya kaka yake hakuipata.

Marehemu ameacha mjane, Bi Salhiya Faki, watoto wawili, Tahiya na Nassra, wajukuu watano, na mdogo wake, Usi Mcha Ubwa.

Ada yetu, kabla jeneza halijanyanyuliwa, mtu wa nyumbani humuombea marehemu radhi kwa watu. Kama aliwahi kumkosea mtu kwa ulimi au kwa mkono, Wakil anaombewa radhi kama anavyoombewa kila mja. Kwa bunduki ile haombewi, kwa sababu hakukosa. Bwana Nahodha Pandu amekaa hapa mbele. Jicho lake lilipotezwa na Usi, na uongo uliosemwa barazani ulikuwa wa Usi. Wanaotaka kumsema watamkuta. Lakini kwanza wamchukue Wakil mabegani, na wale waliomnyima mkono mwaka 2016 watangulie.

Mola amsamehe, amlaze pema, na apumzike kwa amani ambayo sisi ndugu zake hatukumpa.