Mkanda Alivaa

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni kaka mkubwa wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, na sauti yangu ikitetemeka msidhani ni kilio, kilio nimekimaliza hospitalini, hii ni hasira.

Mdogo wangu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1981, kitinda mimba wa mama yetu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli hiyo, kisha sekondari, ambako aliichezea kengele ya umeme ikawa inalia mapema kila Ijumaa na shule nzima ikawa inawahi nyumbani, mpaka mwalimu mkuu alipomkamata, akamfagilisha uwanja, halafu akamletea redio yake mbovu aitengeneze.

Mwaka 2003 alihitimu fani ya umeme chuo cha ufundi, akaajiriwa uwanja wa ndege, upande wa taa za kuongozea ndege, zile zinazokaa juu ya milingoti kuanzia nje ya uzio, katikati ya mashamba ya watu, hadi inapoanza njia ya kutua, ambazo rubani akichomoza mawinguni ndizo anazoziona kwanza. Wenzake walimwita Kipepeo, maana hakai mbali na taa, na mwaka 2008 alifunga ndoa na dereva wa gari la zimamoto la uwanja huohuo, shemeji yangu huyu hapa, aliyependa kututania kwamba mkewe akifanya kazi vizuri yeye analala kazini. Walijaliwa mabinti wawili, wapwa zangu, ambao wote bado wanasoma.

Mwaka jana alianza kulalamika kwamba milingoti imeliwa na kutu kwenye shina, ukiigonga inalia kama debe tupu, akamwambia mkuu wake wa kitengo, akaambiwa asubiri, akamwambia tena, akaambiwa anapenda maneno. Mwezi Juni mwaka huu, asubuhi ya ukungu, taa kadhaa za katikati zilizimika, ndege zikaanza kugeuzwa, naye akaomba liletwe gari la ngazi asiuegemee mlingoti. Mkuu wake akamwuliza mbele ya mafundi, "Umeupanda miaka yote, leo umekuwa bibi kizee?"

Akamjibu, "Mimi sijazeeka, mzee. Uliozeeka ni mlingoti."

Mafundi walicheka, mkuu hakucheka, akasema anayeogopa arudishe sare, na mdogo wangu, mwenye watoto wawili shuleni, akapanda. Alikuwa ameshika taa mpya mkononi mlingoti ulipokatika chini.

Akavunjika uti wa mgongo. Wiki ileile mkuu wake alikuja wodini na mfuko wa machungwa, mimi nimekaa miguuni pa kitanda, akamwambia kwa upole, "Dada, tukiandika kwamba hukuvaa mkanda wa usalama, mambo yatakwisha haraka."

Mdogo wangu akamwambia, "Mkanda nilivaa. Ungekuwa haupo ningeruka pembeni. Huo mkanda ndio ulionifunga kwenye chuma chako kibovu, tukaanguka pamoja."

Machungwa niliyarudisha mimi mwenyewe hadi mlangoni.

Alilala chali miezi minne, mapafu yakajaa, akafariki tarehe 21 Oktoba, na jana nimetumiwa mtu aniombe niseme tu kwamba aliugua mapafu. Nimeshasema. Mapafu hayo yalikuwa mazima siku zote alizokuwa amesimama kwa miguu yake.

Familia inawashukuru madaktari, na wauguzi waliomgeuza usiku na mchana bila kununa, majirani waliowalisha wapwa zangu, na mafundi wenzake, ambao tangu siku ile waligoma kupanda, wote, mpaka milingoti yote ikalazwa chini na kubadilishwa, kazi ambayo tuliambiwa haiwezekani. Mkuu wa kitengo, nakuona umekaa mstari wa mbele, kwenye viti vya familia. Nakuomba mbele ya watu hawa uhamie nyuma, tutakusubiri.

Mdogo wangu, wewe pumzika. Amani sisi hatuitaki kwanza, mpaka iandikwe kwamba mkanda ulivaa.