Namba 215: Sufiani Mdoe Atakaa Lini?

Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 2025, Bwana Sufiani Mdoe anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti hapa Manundu kwa miaka thelathini na mmoja. Katika miaka yote hiyo hatukumbuki siku aliyokaa chini akamaliza chai yake. Vikao alihudhuria amesimama mlangoni, helmeti mkononi, kana kwamba kijiji cha Kerenge kitahama asipokiwahi.

Miaka kumi na minne iliyopita ulikuja mradi wa kupima umri wa mwili. Kwa wasioufahamu: juu ya vinasaba vyetu kuna alama ndogo za kikemia zinazobadilika kadiri tunavyozeeka. Ukizisoma kwenye damu, unakadiria mwili umechakaa kiasi gani, hata kama cheti kinasema vingine. Ila kulinganisha kunahitaji umri wa kweli, na wazee wetu wengi hawana cheti. Hiyo ikawa kazi ya Mdoe. Kina mama aliwauliza ni mtoto gani alikuwa mgongoni walipohamia kijiji cha ujamaa. Kina baba aliwauliza kama siku ya Uhuru walibebwa au walitembea wenyewe. Mwaka ukapatikana, na sisi wa maabara tukaacha kubahatisha.

Nani amesahau sakata la Mzee Habakuki wa Kerenge? Kadi ya ubatizo ilimpa miaka sabini na minane, damu ikasema sitini na mitano. Dk. Grasiana, mkuu wa mradi, alifurahi kupita kiasi, akaanza kuuliza mzee anakula nini. Mdoe hakutulia. Akawasha pikipiki, akaenda kumwamkia dada mkubwa wa mzee. Kumbe Habakuki wa kwanza alifariki akiwa mchanga. Mdogo wake alipozaliwa akarithishwa jina, na kadi pamoja nalo. Mzee alikuwa na miaka sitini na sita tu. Dk. Grasiana alinuna wiki nzima, kisha akamletea Mdoe kilo mbili za sukari, za ile chai asiyoimaliza.

Sasa tusifichane. Duru ya mwisho ya kuchukua damu inaanza Jumanne huko Kerenge, na wazee waliobaki kati ya wale 214 walioandikishwa kwenye mradi wamegoma. Wanasema Mdoe amewakunjisha mikono ya mashati miaka yote hii, wa kwake hajawahi kuukunja. Zamani alijitetea kwamba mradi unapokea waliotimiza sitini. Julai mosi anatimiza. Mzee Habakuki ametuletea ujumbe: Mdoe asipotangulia, hakuna mkono utakaonyooshwa. Bila duru hiyo, kazi yote ya miaka kumi na minne inabaki nusu.

Tulimtania, hakucheka. Baba yake na kaka zake wawili hawakufika sitini. Anaogopa kitakachosomwa kwenye damu yake, na nadhani ndiyo maana kiti hakijawahi kumshika. Wiki nzima amezunguka uani, na roho zetu zimezunguka naye. Nilimkasirikia, kisha nikajionea aibu, maana hata mimi sijawahi kujipima.

Ijumaa mchana nilikuta daftari la washiriki limeachwa wazi mezani kwangu. Chini ya jina la 214 kuna mwandiko wake: 215, Sufiani Mdoe. Kwenye mwaka wa kuzaliwa ameandika kwamba cheti kinasema 1965, lakini aulizwe dada yake Mwanaisha. Kwenye nafasi ya mchukua damu ameandika jina langu. Nimeshaandaa sindano na kiti.

Asante, Bwana Mdoe, kwa kila mwaka uliowatafutia wazee wetu. Uishi vema, na uishi sana. Ila Jumanne saa mbili asubuhi, kwa dakika tano tu, tafadhali kaa.

Dorkasi, Maabara