Siku Nilipoyaacha Majivu Yapoe

Bwana asifiwe! Asifiwe na milima hii yote ya Mbeya, ndugu zangu, maana huu ni mwaka wa tatu mnaniona kwenye benchi lile lile, na wanaonifahamu tangu zamani wanajua kwamba hilo peke yake ni muujiza.

Mimi nilikuwa mtu wa kuondoka. Shule niliiacha darasa la nne. Sikufukuzwa. Nilisikia lori likinguruma barabarani, nikatoka darasani kwenda kutazama injini yake, na sikurudi tena. Nikawa utingo. Nikaenda Chunya kuchekecha mchanga wa dhahabu, nikaenda Rujewa kuswaga ng'ombe, nikakaa Igawa nikikata makubazi ya matairi. Kila kazi niliipenda sana mpaka nilipojua inavyofanyika. Nikishajua, miguu ilianza kuwasha.

Ndipo nikapata kazi ya kupakia magunia katika kampuni moja ya chai hapa mjini. Nilikuwa nachora wanyama kwa mkaa juu ya magunia, kujifurahisha tu. Meneja, Mwingereza, akamwona twiga wangu. Badala ya kunifukuza akanipa meza, brashi na rangi, nichore picha za kubandika kwenye makopo na madukani. Ndugu zangu, nilivaa viatu na soksi! Nikaoa binti wa Kihehe, Ester, tukajaliwa mtoto, Rehema.

Picha iliyompendeza meneja kuliko zote ilikuwa ya baba, mama na mtoto wanakunywa chai mezani, wanacheka. Ilipigiliwa kwenye kila duka. Ester aliitazama siku nyingi, kisha akasema, "Baba Rehema, huyu wa kwenye karatasi ndiye anayekaa nyumbani."

Nilicheka. Sikusikia.

Siku moja nilikuwa nachora majani ya chai, yale yale, nikaweka brashi chini nikatoka. Meneja sikumuaga. Mungu anisamehe, hata mke wangu sikumuaga. Nilikuwa nimesikia kwamba kule kupita Madibira kuna mto unaoingia nyasini na kupotea, nikataka kuuona kwa macho yangu. Niliuona. Niliporudi baada ya miezi miwili, nyumba ilikuwa imefungwa. Ester alikuwa amemchukua mtoto na kurudi kwa mama yake, Iringa.

Nikamfuata. Nikasimama mbali, kama mkwe anavyopaswa, nikasalimu kwa Kihehe, "Kamwene!" Mama mkwe akatoka na ungo wake, akaendelea kupepeta. Rehema akachungulia, akaniona, akajificha nyuma ya bibi yake. Hakunijua! Ndugu zangu, hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika.

"Mkwe," mama akasema, "binti yangu si mzigo wa lori, apakiwe leo ashushwe kesho. Niletee kitu kimoja ulichokianza na kukimaliza. Kimoja tu. Nikikiona, tutaongea."

Nikaondoka pale nikitafuta katika maisha yangu yote kitu kimoja nilichowahi kukimaliza. Sikukipata.

Nikarudi Mbeya. Nje ya mji kulikuwa na Mtaliano mmoja, mzee Tino, aliyeletwa Tanganyika kama mfungwa wa vita na akabaki. Alikusanya chupa zilizovunjika, akaziyeyusha katika tanuru la udongo na kutengeneza chemni, vile vioo vya kukinga mwali wa taa. Nilisimama kumtazama, na ninawaambia kweli, nilisahau kufunga mdomo. Kioo kilitoka motoni kizito kama asali, kikining'inia kwenye ncha ya bomba la chuma. Yule mzee akapuliza kidogo tu, na kile kitu kikavimba, kikawa na tumbo, kikang'aa kama machweo! Nikamwomba anifundishe. Nikawa mvuta mvukuto wake, na baada ya muda akanipa bomba.

Kupuliza nilijifunza upesi. Kilichonishinda ni majivu. Kioo kikiachwa kipoe upeponi, nje hupoa haraka na ndani bado kuna moto, kinavutana chenyewe kwa chenyewe mpaka kinapasuka. Kwa hiyo hufukiwa katika majivu ya moto, kipoe polepole siku mbili. Usikiguse. Usikichungulie. Na mimi nilichungulia! Ya kwanza, ta! Ya pili, ta! Ya tatu nilijiambia nitafunua kidogo tu, kama kidole. Ta!

Mzee Tino akapiga kelele, "Kila siku fukua, fukua! Wewe mtu au wewe kuku?"

Jumamosi nikafukia ya nne. Jumapili asubuhi mikono ilikuwa inaniwasha. Nikaona bora nikimbilie kanisani, na wakati wa kuungama nikasimama nikasema, "Ndugu zangu, niombeeni nisifukue majivu."

Kanisa zima likacheka. Mchungaji mwenyewe alifunika mdomo kwa Biblia. Lakini mama mmoja wa kwaya akainuka, "Mnacheka nini? Wewe fundi seremala unayecheka kuliko wote, mlango wangu uliouanza mwaka jana uko wapi?" Wakaniombea, fundi seremala naye akilia kwa sauti.

Jioni ile nilikaa kando ya shimo la majivu. Mara lori likasimama. Dereva wangu wa zamani! "Utingo, panda! Tunakwenda mpaka Bukoba, utaona ziwa lisilo na ng'ambo!" Ndugu zangu, sikuwahi kuona ziwa. Nikainuka. Nikashika ubao wa lori. Nikasema moyoni, Bwana, siwezi, nishike wewe.

Na alinishika! Sijui niwaelezeje. Miguu ile iliyowasha tangu utoto ilitulia, kama mtoto anayelia akiwekwa mgongoni. Nikamwambia dereva, "Nenda salama, kaka. Nina kitu kinapoa." Akanitukana kwa mzaha, akaenda. Nikarudi kukaa kando ya shimo, nikijua kuna Mtu amesimama pale pamoja nami.

Jumatatu mzee Tino akanipa ruhusa. Nikaingiza mkono majivuni na kuitoa nzima. Nikaiinua juani. Umbo lile lilikuwa pumzi yangu mwenyewe, imesimama, haiondoki! Nikapiga magoti. Nilimfikiria Mungu akiupulizia udongo pumzi yake na kuungoja, miaka na miaka, bila kuupasua.

Nikaipeleka Iringa. Mama mkwe aliigonga kwa ukucha, akaisikiliza. "Sasa tutaongea," akasema. Ester hakutoka siku ile. Sikumlaumu. Nilirudi kwenye tanuru, nikapanda na mahindi kando yake, nikayavuna.

Wiki ya mavuno Ester alikuja mwenyewe, Rehema mgongoni. Akakaa kwenye kigogo, akatazama lile shimo. Baada ya muda akaokota kijiti.

"Humo kuna nini? Nione kidogo."

Nikamshika mkono. "Bado, mama Rehema."

Akanitazama. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akatupa kijiti, na tukakaa kungoja pamoja.

Leo ninafundisha kazi hii hapa mteremkoni, hadharani, bila kuta, maana moshi na moto havitaki dari. Wazee na akina mama wanakuja kupuliza. Njoo nawe, hata kama huna shule, mimi sina. Na kama maisha yako yamepasuka mara tatu, ndugu yangu, mpe Bwana mara ya nne. Yeye hachoki kuokota vipande. Mpe leo, kisha tulia mkononi mwake. Ninamshukuru, ninamshukuru, wala sina pa kwenda!