Mama Pazia: Pesa ya Dirisha Si Pesa ya Unga

Wasifu huu wa dada yetu mpendwa, aliyejulikana na wengi kama Mama Pazia, unasomwa na mdogo wake wa kike kwa agizo la marehemu mwenyewe. Alilitoa kitandani akiwa na akili zake timamu. "Nikiondoka usome wewe," alisema, "na usinipake asali. Asali wapake hao watakaolia kwa sauti kubwa." Kaka yetu mkubwa, ambaye ukoo mzima unamwita Mwenyekiti kwa sababu hakuna kikao asichokiongoza, ameomba wasifu ufupishwe, eti watu watachoka na jua. Haukufupishwa. Jumatatu kuna kikao cha kuamua karakana ya mapazia ya marehemu inabaki kwa nani, kwa hiyo ni vizuri kila atakayekaa kwenye kikao hicho ajue karakana hiyo ilipita wapi mpaka ikafika hapa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba alikuwa mlinzi wa kiwanda, mama alikuwa akifua nguo za watu. Mama alisimulia kwamba binti huyu hakuwa mtu wa kulia akionewa. Alinyamaza, akamtazama aliyemwonea, akamweka akilini. Siku moja Mwenyekiti alimlia mkate wake wa asubuhi. Shule zilipofunguliwa, Mwenyekiti alikwenda darasani na kaptula mpya ambayo mifuko yake yote miwili ilikuwa imezibwa kwa uzi, tena kwa mishono midogo, iliyonyooka, ya kupendeza macho. Hapo ndipo mama alipojua kwamba mtoto ana mkono wa cherehani.

Alisoma shule ya msingi karibu na reli kuanzia 1973 hadi 1979, akafaulu vizuri kuliko kaka yake aliyemtangulia. Lakini ada ya sekondari iliyokuwapo nyumbani ilikuwa ya mtu mmoja, na aliyeipata mnamwona hapo mbele, amevaa miwani ya jua. Dada alipelekwa chuo cha ufundi akajifunza ushonaji, akamaliza mwaka 1982 na cheti. Hakuwahi kulalamika juu ya ada hiyo. Tunaitaja sisi, yeye hayupo kutuzuia.

Kwa miaka sita alishona sare za shule kwenye baraza la mtu mwingine. Mwaka 1988 akakodi chumba kando ya duka la vifaa vya ujenzi, akaacha nguo, akashika mapazia. Alisema binadamu wananenepa na kukonda, dirisha likishajengwa limejengwa. Alipanda ngazi mwenyewe kupima, futi ya kamba shingoni, kalamu sikioni, na mteja akisema "weka tu kwa makadirio, fundi," alimjibu, "Makadirio kapimie mchele." Kazi yake ilikuwa na utaratibu mmoja ambao ndio uliomletea balaa. Mteja alitoa arubuni, yaani malipo ya awali ya kununulia kitambaa, na dada hakununua kitambaa siku hiyo hiyo. Alingoja wateja wafike wanne au watano, ndipo akanunue majora mazima kwa bei ya jumla. Maana yake ni kwamba wakati wote alikuwa ameshika pesa za watu.

Na pesa hizo alizishikia wapi? Hapo sasa. Alipokwenda kufungua akaunti, Mwenyekiti alimsindikiza, kwa kuwa alikuwa karani na alijua kuongea na watu wenye tai. Wakafungua akaunti moja, majina mawili, yeyote kati yao akiweza kusaini na kutoa peke yake. "Ni kwa ajili ya kukulinda," kaka alisema. Humo iliingia arubuni, ikaingia faida, ikatoka ada ya mtoto, ikatoka pesa ya unga, kodi ya chumba na dawa za mama. Dada aliwahi kuuliza kama si vizuri karakana iwe na akaunti yake. Mwenyekiti akacheka mpaka akashika mbavu. "Fundi wa pazia akaunti mbili? Kwani una matumbo mawili? Pesa ni pesa." Sote tulicheka. Ilikuwa ni mzaha mzuri, na umetugharimu.

Katikati ya hayo alipata ndoa. Mwaka 1991 alikuwa akipima madirisha ya nyumba mpya, na mpaka rangi mmoja, aliyekuwa juu ya ngazi ya pili, akamdondoshea rangi ya krimu kichwani. Badala ya kuomba radhi, mwanamume yule alisema, "Dada, imekupendeza." Marehemu akamwambia atamlipa siku moja. Alimlipa kwa kuolewa naye tarehe 5 Septemba 1992, wakaishi miaka thelathini na mbili bila mmoja kulala na kinyongo cha mwenzake. Vinyongo dada alikuwa navyo, lakini aliwawekea waliovistahili. Walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyekulia chini ya meza ya kukatia vitambaa.

Sasa tufike kwenye aya ambayo tuliombwa tuiruke. Mwaka 2003 mwenye nyumba moja ya wageni alimpa marehemu kazi kubwa kuliko zote: mapazia ya vyumba vyote, ghorofa mbili. Akatoa arubuni nono. Dada akaenda benki kuchukua pesa ya majora, na mhudumu wa dirishani akamwambia kwa upole kwamba salio halitoshi. Akadhani amekosea namba. Hakukosea. Mwenyekiti alikuwa ameichukua wiki iliyotangulia, akanunulia pikapu, ile ya bluu ambayo wengi wenu mlipanda mkampongeza.

Alipoulizwa, alisema nini? "Mimi nilidhani ni akiba ya familia." Wazee wakaitwa. Wakauliza ipi ilikuwa ya mteja na ipi ya nyumbani, na dada yetu, mtu asiyekosea hata nusu inchi kwenye dirisha la mviringo, hakuwa na la kuonyesha. Kwenye taarifa ya benki arubuni na unga vilikuwa vimelala kitanda kimoja. Mimina maji ya mvua na ya kisima kwenye pipa moja, kisha umwambie mtu ayatenganishe. Mume wake alisimama amekunja ngumi, dada akamwambia, "Kaa chini, baba. Huyu ni wangu." Wazee wakaamua kuwa ni mambo ya ndugu, yaishe humo ndani, damu ni nzito kuliko maji. Yakaisha kwa Mwenyekiti. Kwa dada hayakuisha, kwa sababu mwenye nyumba ya wageni hakuwa ndugu. Alikuja na lori akabeba cherehani zote tatu, na kwa miaka miwili dada alikuwa akienda kule kumshonea mashuka na foronya bure, kwa cherehani zake mwenyewe. Alirudi jioni miguu imevimba. Pikapu ya bluu ilimpita njiani mara nyingi, na haikusimama. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Siku aliyorudishiwa cherehani hakwenda nyumbani. Alikwenda benki nyingine, upande wa pili wa mji, akakaa mbele ya afisa mmoja, msichana mdogo ambaye angeweza kumzaa.

"Mimi nimejiajiri, sina kampuni," alimwambia. "Ni lazima niwe na akaunti ya biashara?"

"Si lazima, mama. Wengi wanatumia moja na hakuna anayewakamata. Lakini siku utakayobishana na mtu kuhusu pesa, akaunti ndiyo itakayokusemea."

"Basi nifungulie inayosema kwa sauti."

Akafungua ya karakana, watia saini wawili, yeye na mumewe, mpaka binti yao alipofikisha umri wa kusaini akachukua nafasi ya baba yake, na bila saini zote mbili haitoki hata senti. Akafungua ya pili kwa jina lake, na kila mwisho wa mwezi karakana ikamlipa mshahara kama mfanyakazi. Pesa ya dirisha huku, pesa ya unga kule. Mafundi wenzake walipomwuliza, aliwaambia, "Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza: na bila akaunti yake hupotea na nduguyo." Wengi waliokuja leo, vinyozi, wauza mbao, mafundi simu, ni yeye aliyewasukuma mpaka benki, wengine kwa kuwashika mkono kabisa.

Na ile akaunti ya zamani, ya majina mawili? Hakuifunga. Aliiacha wazi makusudi, ndani yake mna pesa ya kununulia kiberiti, na Mwenyekiti akaendelea kuipitia kila baada ya muda, akitoka benki na uso wa mtu aliyeuma limau. Dada alikuwa na rafiki mfagizi pale benki aliyemsimulia. Alipenda masimulizi hayo kuliko redio.

Msidhani alimnunia. Mwenyekiti alipojenga nyumba yake, marehemu alimshonea mapazia ya sebuleni, kwa malipo kamili kabla ya kazi, na risiti juu. Mliofika kwenye nyumba ile mmeyaona. Yanaishia shibiri nzima juu ya sakafu, kama suruali ya mtu anayevuka mto. Watu walisema fundi amezeeka, anakosea vipimo. Marehemu hakuwahi kukosea kipimo maishani mwake.

Aliugua figo kuanzia mwanzoni mwa mwaka 2023, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na siku za nafuu alikaa karakana akikosoa mishono ya watu. Mwezi wa tisa mwaka huu alilazwa. Mwenyekiti alikuja kumwona mara moja. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, akasema, "Mdogo wangu, usije ukaondoka na siri. Nipe namba ya siri ya benki, nisaidie mambo yaende." Msomaji wa wasifu huu alikuwapo, amesimama na chupa ya chai, na alitaka kumwagia. Dada akamkonyeza. Akamtajia kaka namba moja moja, taratibu, akairudia ili aiweke vizuri kwenye simu. Ilikuwa ya akaunti ya zamani. Kaka alitoka wodini karibu anakimbia. Dada akacheka mpaka nesi akaja kuona kuna nini. Kisha akaacha kucheka, akageukia ukutani. "Hata kwaheri hakusema," alisema, na akalia. Ndiyo mara pekee mdogo wake aliyowahi kumwona akilia, na hilo ndilo lisilosameheka. Pesa hurudi.

Alifariki dunia Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024 alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Jeneza, gari na turubai vimelipwa kwa akiba ya mshahara wake mwenyewe. Karakana haikuguswa. Mlio na arubuni zenu, lieni kwa utulivu, kitambaa chenu kipo. Jumatatu karakana inafunguliwa na binti yake kama kawaida, na kikao kikitaka kukaa kikae, lakini wenye saini ni wawili: mmoja tunamzika leo, wa pili ameketi kando ya baba yake na hajaalika mtu.

Imebaki michango. Tangu Jumatano mmetuma rambirambi zenu kwenye namba ya Mwenyekiti, kama alivyowatangazia yeye. Mungu awabariki. Hakuna hata thumni moja iliyofika kwa wafiwa. Juzi binti alimwendea kwa adabu zote, akamwuliza, "Shikamoo mjomba. Michango ya mama iko wapi?" Mjomba akamjibu, na maneno haya ni yake: "Marahaba, mwanangu. Ipo, ila imechanganyika kidogo na pesa zangu. Nipe muda niitenganishe."

Tumempa. Kila aliyetuma anajua alituma kiasi gani. Baada ya maziko kutakuwa na meza pale getini, Mwenyekiti atakaa na simu yake, na ninyi mtapita mmoja mmoja kumsaidia kutenganisha. Binti yake marehemu atakaa pembeni ya meza, na kinachopatikana kitaingia kwenye akaunti aliyoifungua Alhamisi kwa ajili ya msiba huu peke yake.

Marehemu ameacha mume, binti, mkwe, wajukuu wawili, mafundi sita wa karakana na mdogo wake mmoja. Ameacha na kaka.

Dada yetu alale kwa amani. Kaka yetu asilale kwanza.