Mwacheni Baba Nakuja Alivyokuwa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo hiki cha televisheni, waheshimiwa mliopewa viti vyenye mito, ndugu waigizaji, mafundi wa taa na kamera, nanyi wageni waalikwa: nawasalimu. Na wewe mjukuu wangu, mtunzi wa mchezo, acha kujificha nyuma ya nguzo, nimeshakuona.

Nimeitwa niseme machache ya kuaga, kwa kuwa kesho mnarekodi sehemu ya mwisho ya "Baba Nakuja", na huyo Baba Nakuja mnayemcheka kila Ijumaa ni marehemu mume wangu. Shule sikufika mbali, lakini kusema najua, waulizeni wanangu.

Kweli, mmemwiga vizuri. Alikuwa fundi redio, na karakana yake ilikuwa meza yangu ya kulia. Skrubu aliziweka kwenye kopo la sukari, mgeni akikoroga chai, kikombe kinalia kama kengele. Nikiita, "Baba watoto, ondoa takataka zako, chakula kinapoa!" anajibu, "Nakuja, mama." "Unakuja kutoka wapi, ng'ambo?" "Nakuja, mama, nimeshika waya." Hapo ninyi mnawasha kile kicheko cha mashine. Mimi nilizeeka na mtu huyo bila mashine ya kunisaidia kucheka.

Sasa juzi mjukuu kanisomea mlichoandika. Eti mwishoni mke anaita, mume anainuka papo hapo, anafuta meza, anapiga goti na kuomba radhi kwa yote. Nikauliza, "Huyu nani?" Akasema, "Babu huyo, Bibi. Watu wanataka kufurahi." Nani kawaambia nilitaka mtu wa kupiga goti? Ninyi mlio kwenye ndoa, wa kwenu anapiga goti siku gani?

Nisikilizeni, maana hili hata wanangu sijawaambia. Siku aliyofariki nilikuwa jikoni, nikaita kama kawaida. Kimya. Nikaita tena, kwa ukali. Kimya. Nikasimama na mwiko mkononi, na kabla sijapiga hata hatua nilikwisha kujua. Nilimkuta ameinamia redio ya jirani, chuma chake cha kuchomelea waya bado cha moto, kinaunguza kitambaa.

Mtu akikujibu "nakuja", yupo. Hilo tu ndilo nililokuwa nalo, na ndilo mnalotaka kunifutia mbele ya watu wote, mnipe mzee mwenye adabu nisiyemjua. Ugomvi wangu mmeuchukua, mmeuuza, sikusema kitu. Mume wangu je, naye mnibadilishie?

Mheshimiwa Mkurugenzi, mimi nikiomba huonekana nagomba, ndiyo sauti niliyopewa. Naomba goti liondoke. Mke aite, mume ajibu, asije. Na hapo mashine yenu inyamaze.

Na wewe kijana unayemwigiza, wakikuambia inuka, usiinuke. Kaa hapo hapo ulipo. Nataka nimwone amekaa.

Nawashukuru kwa kunialika, na ahsanteni kwa masikio yenu. Mjukuu, njoo unishike mkono, ngazi hizi sizioni vizuri.